Kivuli cha Kikombe cha Mzee Kuramochi

Tarehe 31 Machi, Mzee Kuramochi Setsuo anastaafu baada ya miaka arobaini na mmoja ya kazi katika kiwanda chetu cha pampu hapa mjini Tsubame. Nimeombwa niandike wasifu wake kwa uchangamfu. Nitajitahidi, ingawa leo kalamu ni nzito.

Alianza kama mtunza stoo ya vifaa. Siku hizo, aliyetaka spana alikwenda dirishani kwake, akaiomba, akaisubiri, na akiwa pale akaeleza habari za mwanawe, za mgongo unaomsumbua, za theluji iliyovunja paa la mkwe. Mzee Kuramochi alijua ya kila nyumba. Foleni ikifika mlangoni, mashine zilikaa kimya zikiwasubiri wenyewe.

Ni yeye aliyeuona upotevu huo, wala hakutumwa na mtu. Alitundika ubao kando ya kila mashine, akachora juu yake kivuli cheusi cha kila kifaa: hapa nyundo, hapa bisibisi, hapa spana. Kifaa kikiondoka, kivuli kinabaki kusema. Sheria yake ilikuwa moja: kivuli kitupu hakifutwi, kinatafutiwa kitu chake, na hakuna anayekwenda nyumbani mpaka kijae. Jioni moja tulipekua kiwanda kizima kwa ajili ya spana ndogo, tukaikuta katika mfuko wa chakula wa Mama Hirasawa wa mashine ya kukereza, imelala juu ya tonge la wali. Mpaka leo tunamwita Mla Spana, naye huitika.

Pampu zenye kasoro zikapungua, sakafu ikaonekana, na wageni wakaja kutoka viwanda vingine kutazama mbao zetu. Lakini mganga hajigangi. Vifaa vilipohamia mashineni, hakuna aliyebaki na sababu ya kwenda dirishani. Mzee aliendelea kukaa pale pale, akinoa patasi na kugawa glavu. Alikunywa chai yake peke yake, katika kikombe cha buluu chenye ufa, kisha akakirudisha kwenye ubao wa vikombe, juu ya kivuli chake. Mkewe alipofariki, wengi wetu tulipata habari baada ya mazishi. Habari hazikuwa tena na pa kupitia. Inaniuma kuliandika hilo, maana kazi aliyoifanya ilikuwa njema na sote tumeifaidi.

Wiki iliyopita alikuja na kopo la rangi nyeupe. Kikombe alikwisha kukifunga kwenye gazeti. Sasa alitaka kukifuta kivuli chake ubaoni. Mama Hirasawa akamwahi.

"Mzee, unafanya nini hapo?"

"Nafasi tupu ni hasara, mama. Atakayekuja atundike chake."

"Hebu lete hiyo brashi. Ulituweka hapa mpaka giza kwa kijispana, leo wewe ndiye unayefuta?"

"Spana ilikuwa inahitajika."

Mama Hirasawa aliichukua brashi, akaiosha polepole, akaitundika juu ya kivuli chake. Mzee akasimama na kopo mkononi, akitazama ubao, kisha akarudi dirishani kwake.

Mzee Kuramochi, tunakushukuru kwa vidole vyetu ambavyo bado ni kumi, na kwa miguu yetu uliyoipunguzia safari. Tunakuombea afya, figili nene katika bustani yako, na nyumba isiyo kimya kupita kiasi. Kivuli cha kikombe chako kiko pale pale, kitupu, na kila jioni tutapita mbele yake. Sheria ni yako mwenyewe: hakuna anayekwenda nyumbani mpaka kijae. Basi uje na kikombe, mzee. Nasi tunataka kwenda nyumbani.