Kisu cha Kumpa Fidelis

Mwaka ule kiwanda cha Morogoro kilipobinafsishwa kisha kikafungwa, nilishuka mjini kutoka milimani Mgeta nikiwa juu ya lori la kabichi. Karibu yangu mama mmoja, Blandina, alimwonyesha mzee Athanas kisu cha kukunja kilichoganda kwa kutu. Athanas alikuwa fundi aliyeachishwa kazi kiwandani, na sasa alikuwa akiuza visu sokoni Morogoro.

"Shikamoo baba. Nipatie kisichoshika kutu baharini."

"Marahaba. Hicho cha nani?"

"Cha mwanangu Deogratias. Alikwenda Kilwa kuvua. Kamba ya wavu ilimnasa mguu ikamvuta majini, kisu kikakataa kufunguka. Wenzake walimtoa amekwisha kufa. Sasa mdogo wake Fidelis anakwenda huko huko."

Mzee akafungua mfuko wake. Biashara huria ilikuwa imetuletea visu vya kila rangi, pamoja na sababu za kuvihitaji.

"Hivi vinang'aa kwa kupakwa rangi ya fedha tu, mama. Chumvi itavila. Hata kile cha chuma kizuri, asipokiosha kwa maji ya kisima na kukipaka mafuta, kitaganda. Mzuie asiende."

"Abaki ale nini? Kazi kiwandani hakuna, kabichi zinatuozea."

"Basi achukue kisichokunjwa."

"Anataka kama cha kaka yake."

Lori likasimama sokoni. Makuli wakapanda kushusha kabichi, nasi tukaambiwa tuteremke.

"Nichagulie basi kilicho afadhali," alisema Blandina.

Mzee alifungua kimoja, akakifunga, akafungua kingine.