Mkuu wa Kituo Aliyekosa wa Kumpokea

Wafiwa wenzangu, majirani na viongozi mliofika, mimi ndiye kitinda mimba nyumbani kwetu, familia imenituma niwasomee maisha ya dada yetu, mkuu wa kituo chetu cha polisi, na naomba mnivumilie nikikwama.

Dada alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, mtoto wa kwanza wa mshona viatu na mkunga, akasoma shule ya msingi hapa hapa mjini, ile iliyo nyuma ya soko, akamaliza sekondari mwaka 1986, na miaka miwili baadaye akaingia chuo cha polisi, jambo lililomkosesha mama usingizi, maana mwanawe alikuwa anaogopa hata mbwa wa jirani.

Tarehe 6 Agosti 1994 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi seremala, wakajaliwa binti ambaye sasa ni mwalimu na kijana ambaye ni fundi umeme. Alihamishiwa hapa mwaka 2003, akawa mkuu wa kituo mwaka 2011.

Wakati huo kituo kilikuwa na askari tisa, wakahamishwa mmoja mmoja bila wengine kuletwa, wengine wakastaafu, hadi akabaki yeye mchana na koplo mmoja usiku. Hapo akabuni mbinu yake, akapanga mlangoni buti kuukuu walizoacha waliohama, na kila mhalifu alipoletwa, dada aligeukia chumba cha nyuma na kuamrisha kwa sauti kwamba koplo alete pingu na sajini afunge geti, wakati huko hapakuwa na kitu ila birika la chai, na wezi wakatulia tuli.

Mwaka jana makao makuu walimtuma mkaguzi aje kuangalia upungufu ambao dada alikuwa akiulalamikia, akafika bila taarifa, akasimama barazani, akaziona buti, akamsikia dada akiamrisha watu watatu, akaondoka bila hata kuingia, na majibu yakaja kwamba kituo kina askari wa kutosha. Dada alinisimulia huku akicheka mpaka machozi, kisha kicheko kikaisha, machozi yakaendelea.

Alikuwa na uvimbe tumboni, daktari alishamwambia asichelewe upasuaji, na likizo alipewa, ila kwa sharti apatikane wa kumpokea kazi. Tulimsihi, mimi nilimfokea kabisa, nikamwambia kituo si cha baba yetu, naye akaniuliza mke aliyepigwa na mumewe akikuta kaunta tupu aende wapi. Tarehe 2 Juni 2024 alianguka nyuma ya kaunta hiyo hiyo, akapasuliwa, lakini tulikuwa tumechelewa, na alfajiri ya tarehe 5 akatutoka. Inatuuma sana, na sitaki kulipamba hilo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika na kulala nasi, na koplo, ambaye tangu siku ile anashika usiku na mchana. Tunalishukuru pia jeshi la polisi, limeleta askari kumi na wawili kubeba jeneza, tena kwa siku moja. Mkubwa uliyekuja nao, kwa heshima zote, familia haiombi rambirambi nyingine, inaomba wawili tu kati yao wasipande gari jioni hii, maana koplo yuko hapa nasi, na kule kaunta hakuna mtu.

Nawe dada, pumzika kwa amani, hata kama hawatabaki.