Faradji na Trakta ya Mama Mkwe

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio, na mwenye chungu jikoni apunguze moto. Leo nina msiba, lakini mtacheka. Mzee Faradji wa Kasongo, fundi Faradji, ametutoka Jumatano. Nilipofika matangani, mjane wake, Mama Hawa, alinishika mkono akaniambia, "Pascaline, usilie ku redio. Ongea mambo ya trakta."

Haya, tuongee mambo ya trakta.

Ilikuwa wakati wa Wabelgiji, mwaka 1956. Faradji alikuwa kijana wa kutengeneza baiskeli hapa Kasongo. Vidole vyake vilikuwa hodari, ila bega la kulia lilikuwa bovu. Alikuwa ameanguka kwenye mteremko, na bega halikupona sawasawa. Nyundo ndogo aliweza. Jembe hakuweza. Lishikeni hilo, wapendwa: jembe hakuweza.

Na moyo, mnavyoujua, hauulizi habari za bega. Faradji alimpenda Hawa, binti wa kijiji cha Lusangi. Kwao Hawa, mchumba alitakiwa kulima shamba la mpunga la mama mkwe, kabla ya mvua, ndipo aolewe binti. Asipolima, posa inarudishwa. Neno la mwisho lilikuwa la mjomba wa Hawa, mzee Alimasi. Faradji alijaribu jembe asubuhi moja, na saa sita akarudi amekumbatia mkono wake kama mtoto mchanga.

Ndipo akakumbuka trakta ndogo ya bustani, ile ya kutembea nyuma yake umeshika mikono yake miwili. Mzungu mmoja mwenye mboga, njia ya Kabambare, alikuwa ameitupa nyuma ya banda. Faradji alipoiomba, Mzungu alicheka tu: achukue, ni chuma. Kuku walitagia juu yake. Nyigu walijenga ndani ya bomba la moshi. Pistoni ilikuwa imeshikana na kutu.

"Akaniambia, Hawa, nimepata ng'ombe ya kulima," anakumbuka Mama Hawa. "Nikaenda kuangalia. Nikakuta kutu na mavi ya kuku. Nililia, mwanangu. Nilisema basi, ndoa imekufa."

Haikufa. Faradji alimimina mafuta ya mawese yaliyopashwa moto juu ya pistoni, akaiacha ilale, akaigonga taratibu kwa kipande cha mti, akamimina tena. Polepole ndio mwendo. Siku pistoni ilipoteleza, aliita majirani waje waone inavyopanda na kushuka, kana kwamba wamezaliwa mapacha. Pale panapotoka cheche palikuwa peusi. Akapasugua kwa majani ya msasa, yaleyale ya kulainishia mipini ya majembe. Mkanda uliooza, mshona viatu akamshonea mwingine wa ngozi. Magurudumu akayavisha raba za baiskeli kuukuu. Kisha akatia esansi, yaani petroli, akavuta kamba kwa mkono wa kushoto. Kimya. Akavuta tena. Kimya. Mara ikapiga chafya, ikatema nyigu wakavu, ikawaka.

"Alicheza," anasema Mama Hawa. "Alicheza mupaka kanzu yote ikashika mafuta."

Lakini huko Lusangi mzee Alimasi hakucheza. Aliizunguka ile trakta, akasema, "Ukwe ni jasho. Mashini haiwezi kuoa. Kama ni yenyewe ndiyo italima, bibi ni wa yenyewe." Akamwacha Faradji alime, lakini hukumu aliiweka mfukoni.

Sasa vijana mnaonisikiliza, jueni na desturi nyingine ya wakati ule. Mchumba na mama mkwe hawakuonana uso kwa uso. Wakikutana njiani, kijana aliingia majanini mpaka mama apite. Hawakuongea. Neno lilipitia kwa mtu mwingine, na mtu asipokuwepo, hata kwa mnyama. Mama mkwe wa Faradji aliitwa Amisa, na Faradji alikuwa kijana wa adabu.

Basi analima, udongo unageuka vizuri, yeye anaimba. Mara Mama Amisa huyo, anatokea mwisho wa shamba na kapu la chakula, amefuata kelele. Faradji afanye nini? Akafanya alivyofundishwa na wazazi wake. Akaruka ndani ya mihogo akajificha. Trakta akaiacha inakwenda.

Trakta haina mkwe, wapendwa. Ilikwenda peke yake, moja kwa moja kwenye karanga za jirani. Mama Amisa akatupa kapu, akaikimbilia, akaidaka mikono yote miwili, akaigeuza. Huyo naye akaanza kulima.

Kando palikuwa na mbuzi aliyefungwa. Faradji akapaza sauti kutoka mihogoni, mgongo kauelekeza shambani: "Wee mbuzi, mwambie mama avute ule waya mufupi, itazima!"

Naye Mama Amisa, bila kugeuza shingo: "Mbuzi, mwambie uyu bwana nimesikia. Sivuti. Ningali nalima."

Akalima mpaka esansi ikaisha. Mzee Alimasi alipofika, alimkuta dada yake amekaa chini, nguo yote imelowa jasho.

"Ulisema haina jasho," Mama Amisa akamwambia. "Tia esansi, shika wewe, kisha ongea."

Mzee akashika. Akaenda mstari mmoja, kofia ikaanguka, meno yakagongana. Akaiachia, akajifuta uso, akamwambia Hawa, "Kawaambie watu wako wapike. Bwana yako amelima."

Na wapendwa, zipo ndoa zilizokaa miaka kabla mama mkwe hajamlisha mkwewe kuku wa kuondoa haya, ndipo waonane uso kwa uso. Mama Amisa alimchinja kuku wake mwenyewe wiki ileile, akamwita Faradji mezani, akamtazama usoni mara ya kwanza. Watu walingoja baraka. Yeye alisema, "Faradji mwanangu, kula upesi. Unifundishe kuwasha."

Mama Hawa, watoto, wajukuu, na ndugu wote wa Kasongo na Lusangi: poleni sana. Tumempoteza fundi wetu na tunaumia. Mungu amlaze pema. Nanyi mnaonisikiliza, fikirini jambo moja tu jioni hii. Yuko mtu unayemheshimu sana, mpaka hujawahi kukaa naye ukamjua. Nenda kwake, naye angali hai.