Edson Tluway Sulle na Mechi ya Ishirini na Moja

Baba mchungaji, wazee wetu, majirani wa Rhotia, walimu, wanafunzi, na ninyi ndugu wa Bethania mliokaa kule nyuma kabisa karibu na geti: mimi ni Benedicta, mdogo wake Edson, niliyezaliwa mara tu baada yake. Familia imenipa kazi ya kusoma maisha ya kaka yangu. Niliwaambia sina kifua cha kazi hii, wakasema soma hivyo hivyo. Basi nasoma.

Edson Tluway Sulle alizaliwa tarehe 3 Machi 1981 katika kijiji cha Kambi ya Simba, Mbulumbulu, wakati huo tukiwa bado Wilaya ya Mbulu. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watoto sita wa marehemu mzee Tluway Sulle na mama yetu Paulina, huyu aliyekaa hapa mbele. Alibatizwa na kupata kipaimara katika usharika wetu palepale kijijini. Utotoni alichunga ng'ombe wa baba, na niseme ukweli, alichunga vibaya. Ng'ombe walikuwa wanaingia kwenye ngano ya jirani huku yeye anapigisha mpira wa matambara ukutani. Baba aliuchoma ule mpira motoni mbele ya macho yake. Kesho yake alikuwa na mwingine, na soksi moja ya baba haikuonekana tena.

Alisoma shule ya msingi kijijini kuanzia mwaka 1989 hadi 1995, kisha sekondari mjini Karatu, akamaliza kidato cha nne mwaka 1999. Mwaka 2001 alijiunga na Chuo cha Ualimu Bethania, chuo cha kanisa kilichoko upande wa Monduli, akahitimu Mei 2003. Chuo kile kilijengwa kwenye mteremko. Uwanja wa mpira wa miguu haukuwezekana, maana mpira ukitoka unaufuata mpaka kwa watu huko chini. Kwa hiyo walipewa wavu na nguzo mbili, wakacheza mpira wa wavu kila siku baada ya vipindi, wavulana wote wa darasa lake kumi na wawili. Hapo ndipo alipokutana na Lekoko, kijana mrefu wa Kimasai kutoka Kakesio, waliyelala naye kitanda cha juu na cha chini kwa miaka miwili. Edson anainua mpira, Lekoko anapiga. Hawakuwa na mchezo mwingine. Mkuu wa chuo alikuwa anasema wale wawili wakigombana chuo kizima kitakosa kikombe.

Serikali ilipowaajiri, ikawagawa. Sita walipangiwa shule za Karatu, sita za Ngorongoro, wengine mpaka Digodigo na Enguserosambu kusikofikika mvua ikinyesha. Edson akabaki Karatu, Lekoko akarudishwa kwao Kakesio. Wakaapa kwamba kila mwaka, Jumamosi ya pili ya Juni shule zikishafungwa, Karatu watacheza na Ngorongoro. Anayefungwa anakaa na mpira mwaka mzima na kuuleta ukiwa umejaa upepo. Walianza 2004. Hawakukosa hata mara moja ila mwaka wa korona, 2020. Mwaka jana ilikuwa mechi ya ishirini, na Karatu walifungwa. Kwa miaka yote hiyo Lekoko alilalamika kwamba tangu chuoni hajapata mtu wa kumwinulia mpira kama Edson, na Edson alimjibu kwamba aliyempangia Kakesio ni serikali, akadai huko. Mama alipomuuliza Edson kwa nini asipumzike likizo kama watu wengine, alijibu, "Mama, Wamasai wana marika yao. Mimi rika langu ni Bethania."

Alifundisha Endabash kuanzia 2003 na kuhamia hapa Rhotia mwaka 2012, akawa mwalimu mkuu mwaka 2017. Alifundisha hesabu. Wanafunzi wake mliopo hapa mnajua alivyokuwa anatupa chaki na kumpata aliyelala bila kumkosa. Tarehe 5 Julai 2008 alifunga ndoa na Hosiana, binti wa hapa hapa Rhotia, na msimamizi wake alikuwa Lekoko, aliyekuja na shuka lake jekundu juu ya suti. Mungu aliwajalia watoto watatu. Wa mwisho Edson alimpa jina Naishorua, jina la mama yake Lekoko. Wajomba waliuliza mtoto wa Kiiraqw anaitwaje Naishorua. Edson akawaambia wamzoee tu.

Sasa lazima niwaeleze jambo moja, la sivyo hamtanielewa huko mbele. Wiki ya mechi, hawa watu walikuwa wanapigana kamba. Walimu wazima, wengine wainjilisti! Kuanzia Jumapili hadi Ijumaa kila upande unatuma habari za uongo ili wenzao walegee: fulani ana malaria, fulani gari limezama mtoni, fulani kahamishiwa Mtwara. Lakini Jumamosi ni mwiko. Jumamosi kabla ya mechi wanasimama duara, kila mmoja anaungama kamba zake zote kwa sauti, wanacheka mpaka wanalia, halafu wanasali, halafu ndipo wanacheza. Mchungaji mmoja aliwahi kuwakemea. Edson akamwambia, "Baba, ni watu gani wengine unaowajua wanaoungama kila mwaka bila kukosa?"

Mwaka 2019 nilikuwa nimekuja likizo hapa nyumbani. Edson akanipa simu yake akasema, "Andika wewe, mimi wameshanizoea." Nikaandika kwenye kundi lao la wasap: Mimi ni Benedicta, kaka ameanguka kutoka kwenye ngazi, mguu umevunjika vibaya, mwombeeni. Hilo la mwombeeni niliongeza mwenyewe, nikaona limekaa vizuri. Kesho yake asubuhi Lekoko akaingia na pikipiki, ametoka Kakesio na kupita Endulen, vumbi mpaka kwenye kope, mgongoni amebeba chupa ya chai yenye supu ya mbuzi na mizizi ya kwao ya kuunga mifupa. Akamkuta mgonjwa juu ya paa anapigilia mabati. Jamani! Lekoko alisimama pale chini, akamtazama, akamimina supu kwenye kikombe, akasema, "Shuka unywe yote." Ile supu ni chungu, na Edson aliinywa yote. Kisha Lekoko akanigeukia mimi. "Dada Benedicta," akasema, "kuanzia leo neno lako nitaliamini Jumamosi tu." Tulicheka siku nzima.

Ratiba mliyoshika mkononi inasema marehemu alifariki "baada ya kuugua kwa muda mfupi." Tuliandika hivyo kwa sababu ndivyo watu wanavyoandika. Hakuugua. Yanayofuata hayamo kwenye ratiba, nimeyaandika kwa mkono leo asubuhi.

Jumanne tarehe 10 Juni 2025, saa tatu asubuhi, Edson alikuwa amekaa kwenye kibaraza hiki, kwenye ndoo iliyogeuzwa, anajaza mpira upepo kwa pampu ya baiskeli. Hosiana alikuwa shambani anavuna mahindi. Mimi nilikuwa nachambua maharage mlangoni. Alikuwa ananiambia mwaka huu atampiga Lekoko seti tatu bila. Akaubonyeza mpira kwa kidole gumba, akaona umejaa, akaniambia, "Shika." Nikaushika. Nilipoinua uso alikuwa amelala sakafuni. Hakulalamika, hakushika kifua, hakusema kitu. Miaka arobaini na minne. Mpaka sasa ninaposimama hapa bado nina ule mpira mikononi, ndivyo ninavyojisikia.

Hapa hatuna gari. Lakini asubuhi ile Lekoko alikuwa ametuma picha kwenye kundi, yuko Karatu mjini na pikapu yake, amenunua raba mpya za kuja kutufundishia adabu. Karatu mjini ni robo saa tu. Nikachukua simu ya Edson nikaandika: Ni Benedicta, Edson ameanguka, hajitambui, Lekoko leta gari haraka. Majibu yakaja ya kucheka. Metui wa Enguserosambu akaandika, "Mwaka huu mmewahi." Lekoko akaandika, "Ya mguu ilikuwa tamu zaidi. Mwambie mgonjwa ajaze mpira." Nikampigia. Nikalia kwenye simu, nikamwambia Lekoko anakufa, kaka anakufa. Akacheka kwa upole kabisa, akasema, "Dada, mwaka huu unalia vizuri. Umefanya mazoezi." Nikakata.

Aliyetubeba ni jirani yetu Sitonik, dereva wa watalii, aliyesikia yowe akageuza gari lake njiani. Tulifika hospitali saa nne kasoro. Walimpokea vizuri, walihangaika naye, wakatoka wakaniambia hayupo. Saa nne na nusu niliandika kwenye kundi maneno mawili: Edson amefariki. Wanne wakacheka.

Saa tano mwili ukiwa umebaki hospitali na majirani wameshajaa uani, tukasikia honi barabarani, pii, pii, pii, kama ya harusi. Lekoko. Ameamua kuja kutuumbua. Akashuka pale getini, raba mpya zimening'inia shingoni kwa kamba zake, akaita kwa sauti, "Edson! Toka nje, supu yako imefika!" Akaona viti. Akamwona Hosiana amekaa chini, ameshikwa na kina mama. Akanitafuta mimi kwa macho, akasema taratibu, "Dada, leo ni Jumanne." Nikamwambia, "Ndiyo, Jumanne." Akaketi chini palepale getini. Hajaingia ndani ya boma hili tangu siku hiyo. Analala kwenye pikapu. Chai anayopelekewa inapoa. Watu wamenong'ona kwamba angeleta gari mapema Edson angepona, na mimi nimesikia, na yeye amesikia.

Leo ni Jumamosi ya pili ya Juni, tarehe 14. Hii ndiyo siku ya mechi ya ishirini na moja. Ninyi wa Bethania mna desturi yenu, na mimi nitaifuata, maana wa kuungama leo ni mimi.

Lekoko, simama unisikie. Daktari aliniita pembeni Jumanne, tukiwa wawili tu. Aliniambia, "Dada, moyo wake ulisimama palepale alipoanguka. Hata gari lingekuwa limeegeshwa mlangoni na mimi nimo ndani, nisingemrudisha." Nimeyajua maneno haya tangu Jumanne. Hosiana sikumwambia, mama sikumwambia, na wewe sikukuambia. Nimekupita hapo getini siku nne nikiwa na sahani mkononi na nimenyamaza, kwa sababu nilitaka uumie kama ninavyoumia. Kicheko chako bado kilikuwa sikioni mwangu. Na kuna baya kuliko hilo. Nilijua kwa nini hukuniamini. Mkono ulioandika mwaka 2019 ni huu, na lile neno la kuombea niliongeza mimi, na ukaja na supu kutoka Kakesio. Nilipoteza neno langu kwako siku ile, na Jumanne nilipolihitaji sikuwa nalo. Nikaona bora watu waseme ni wewe. Nisamehe. Hukumuua. Gari lako lisingefika kwa wakati, wala gari la mtu yeyote.

Nitamaliza sasa, mama anachoka.

Marehemu ameacha mama yake mzazi, mama Paulina, mjane wake Hosiana, watoto watatu, Angela wa miaka kumi na sita, Yohana wa miaka kumi na tatu na Naishorua wa miaka saba, ndugu watano, na wenzake kumi na mmoja wa Bethania, ambao tumekubaliana na Hosiana kuwaandika kwenye familia, kwa sababu ndivyo Edson mwenyewe angewaandika.

Lekoko, mpira uko chini ya kitanda cha Naishorua. Nimeuangalia asubuhi hii, bado mgumu. Upepo uliomo aliujaza Edson kwa mikono yake. Ingia ndani uuchukue, mtoto atakuonyesha ulipo. Mechi mtacheza mtakapoweza, na upande wa Karatu usitafute mtu wa sita.

Ndugu zangu, bado sielewi, wala sidanganyi kwamba naelewa. Lakini kaka yangu Edson Tluway Sulle amefariki. Leo ni Jumamosi, Lekoko. Leo niamini.

Bwana ampe pumziko lake.