Leo Watoto Hawapiti Hapa

Benchi la kijiwe cha kahawa lina mguu mmoja mfupi, na aliyelitengeneza ni Kamili mwenyewe, seremala wa karakana ya pembeni. Jina la Kamili alipewa kwa sababu kila kazi anayodaiwa hujibu, “Kesho itakuwa kamili.” Kesho ya benchi ina miaka sasa, na waliozoea kulikalia wameshajifunza kukaa upande. Kila alasiri wapo wanne: Kamili, Wembe kinyozi, ambaye kiti chake cha kunyolea kiko nyuma tu ya benchi, Betri, fundi wa simu na redio, na Mzee Breki, dereva wa lori aliyestaafu, ambaye hajawahi kukubali kwamba alipotea njia hata siku moja. Kahawa inamiminwa na mama mmoja mgeni aliyeshika nafasi ya mjomba wake anayeumwa mgongo. Jina lake hakuna aliyemuuliza. Walimwita Mama Kahawa, yakaisha.

Siku hiyo kila mtu alikuja na maneno yake tayari. Matokeo ya mtihani wa shule za msingi, ule unaofanywa na watoto wa nchi nzima kwa siku moja na maswali yale yale, yalikuwa yametumwa kwenye simu za wazazi tangu jana jioni. Na kama kuna mtu aliyetamani ardhi ipasuke immeze, ni Kamili. Siku ya mtihani, binti yake akiwa bado darasani na penseli mkononi, yeye alilinywesha benchi zima kahawa ya ushindi. “Binti yangu nafasi ya pili haijui,” alisema, na watu wakanywa, wakapongeza. Jana ujumbe ukaingia. Binti hakuwa wa kwanza wala wa katikati. Alikuwa kule chini, ambako ujumbe unamalizia kwa kumwomba mzazi afike shuleni. Asubuhi, akifunga aproni yake bila kumtazama mtoto, Kamili alisema, “Leo ukirudi usipite kijiweni. Pita nyuma, kwenye mtaro.” Mtoto akajibu, “Ndiyo, baba.” Hakuuliza kwa nini. Huko kutouliza ndiko kulikomkaa Kamili kooni mchana kutwa.

– Tatizo ni mashine, Betri alianza. Siku hizi hasahihishi mwalimu, inasahihisha mashine. Na mashine mimi nazijua. Ikipata joto inaona vitu ambavyo havipo.

– Inaonaje na haina macho? akauliza Wembe.

– Ndiyo nakwambia. Mtoto ametia weusi kiduara cha pili, yenyewe inasoma cha tatu. Niliwahi kutengeneza redio ikawa inashika matangazo hata ukiizima.

– Hiyo redio ni yangu, alisema Mzee Breki. Na mpaka leo haijakubali kunyamaza.

– Si unaona? Sasa fikiria mashine kama hiyo imepewa mtoto wako.

Mzee Breki alipuliza kahawa yake, akanywa, akajifuta mdomo kwa mgongo wa mkono.

– Wahenga walisema asiye na mwana aeleke jiwe. Mashine haina mwana. Ndiyo maana imetubebesha mawe.

Hakuna aliyeelewa, lakini wote walitikisa vichwa, maana methali ya mtu mzima haikataliwi hadharani.

– Ila mimi, akaendelea Mzee Breki, naona kosa lilianzia njiani. Zile karatasi zilisafiri kwa lori. Na lori naelewa linavyotikisa mzigo kwenye mashimo. Karatasi zinasuguana, na penseli si wino. Weusi wa mtoto huyu unahamia kwa mtoto yule. Akili ya mwanao inashukia kwenye kona, mwenzake anaipakia.

– Kwa hiyo kuna mtoto huko anatembea na alama za mjukuu wako? akauliza Wembe.

– Tena za juu. Na wala hajui kushukuru.

– Mimi sipendi kumsema mtu, alisema Betri, akimgeukia kinyozi, lakini kuna mtu hapa aliwanyoa watoto wote wa mtaa jioni ya kuamkia mtihani. Asubuhi yake baridi. Vichwa vitupu.

– Shule ndiyo iliagiza wanyolewe, alisema Wembe.

– Shule iliagiza nywele. Wewe ulikwenda ndani zaidi.

– Betri, akili haikai kwenye nywele.

– Basi mbona ukimnyoa mtoto unamwambia atulie usije ukamharibu?

– Bandu bandu huisha gogo, Mzee Breki akaunga mkono. Unanyoa, unanyoa, mwisho unafika kwenye hesabu.

Kamili alicheka pamoja nao, ila kicheko chake kilichelewa kidogo. Alikuwa ameanza kuona jambo. Wote walisema “watoto”, walisema “watoto wa siku hizi”, Wembe akasema “kizazi hiki”, lakini “wangu kapata kadhaa” hakuna aliyelitamka. Hata Mzee Breki, ambaye mjukuu wake aking'oka jino mtaa mzima hupata habari.

– Kamili, mbona kimya? Mzee Breki akamkumbuka. Si wewe uliyetunywesha siku ile? Ile kahawa sasa tuiite ya nini?

– Bado sijapata ujumbe, alisema Kamili.

– Tangu jana?

– Simu inasumbua.

– Ilete basi, Betri akanyoosha mkono. Kazi yangu ni nini hapa?

– Nimeiacha nyumbani.

Simu ikalia ndani ya aproni. Ililia kwa ule mlio mkubwa ambao Betri mwenyewe alimwekea, ili aisikie hata akiwa anakata mbao. Kamili aliishika kwa juu ya kitambaa kana kwamba mkono ungeizima, nayo ikaendelea kulia mpaka ikachoka yenyewe. Alijua ni mkewe. Masikio yalimwaka moto. Alisubiri wamcheke, na hawakumcheka, na hilo lilimuuma kuliko kicheko.

– Simu za nyumbani siku hizi zina sauti, alisema Wembe taratibu, macho yake kwenye kikombe. Zinasikika mpaka huku.

Betri aliurudisha mkono wake. Mzee Breki akakohoa, akaona ni juu yake kulitoa gari kwenye tope.

– Jamani, hamjajiuliza nani anafaidika? Anayetunga mtihani ndiye anayeuza penseli. Mtoto akifeli anarudia, akirudia anataka penseli mpya. Hiyo ni biashara.

– Si penseli, alisema Betri. Nimelifikiria hili usiku. Wanaotunga mtihani hawana habari na watoto wenyewe. Wanapima watoto ili wajue ni wazazi gani ndio wajinga. Waliofanyishwa mtihani ni sisi.

– Basi mimi nimefeli, alisema Wembe.

Ulipaswa kuwa mzaha. Aliusema kwa sauti ya mzaha kabisa, lakini hakuna aliyeupokea, ukabaki hapo katikati ya benchi.

Muda wote huo Mama Kahawa alikuwa akimimina na kusuuza vikombe bila kuingilia. Sasa aliinuka, akashika jiko kwa kitambaa, akalivuta mpaka ukutani. Akakaa. Akatazama barabara upande wa shule. Baada ya kitambo akalirudisha jiko mahali pake, na hakupita muda akalivuta tena ukutani.

– Samahanini, wazee wangu. Naweza kuuliza?

– Uliza, mama, alisema Mzee Breki, akijiweka sawa, maana alidhani anaulizwa kuhusu mtihani.

– Mimi kila siku saa kama hizi nalisogeza jiko ukutani, watoto wa shule wasijiunguze, kwa sababu wanakuja mbio. Wakifika hapa wanawaamkia, nyie mnaitikia, mtaa mzima unasikia. Leo nimesogeza, nimerudisha, nimesogeza tena. Leo watoto hawapiti hapa. Wanapita wapi?

– Labda wamechelewa kutoka, alisema Betri.

– Kengele nimeisikia zamani, alisema Mama Kahawa. Hakusema kwa ubishi. Alitaka kujua tu jiko aliweke wapi.

– Ni hili jua, alisema Mzee Breki. Mjukuu wangu, kwa mfano, nilimwambia leo apite nyuma. Kule kuna... kuna kivuli.

– Nyuma wapi? akauliza Wembe.

– Kwenye mtaro.

Wembe akaweka kikombe chini.

– Na wangu nimewaambia huko huko, alisema. Pacha wote wawili.

Betri alichukua simu ya mteja, akafungua mfuniko wake wa nyuma, akaufunga, akaufungua tena. Watu waliokuwa na maelezo ya mashine, ya lori, ya nywele na ya penseli, swali la mama wa kahawa liliwashinda. Jibu walikuwa nalo wote. Ila nani angefungua kinywa aseme, mama, tumewaficha, tumewaonea aibu?

– Mficha uchi hazai, alisema Mzee Breki kwa sauti ndogo, na kwa mara ya kwanza hapo kijiweni methali yake haikuhitaji kuulizwa.

Kamili alikuwa amesimama tayari. Neno “mtaro” lilipotajwa na mtu mwingine ndipo alipoukumbuka ubao. Juu ya ule mtaro kuna ubao mmoja wa kuvukia, na ubao huo umeoza katikati. Majirani walimjia tangu mvua zilipokatika, wakamwomba aubadilishe, na mbao wakamletea wao wenyewe. Alikuwa amewajibu kwamba kesho itakuwa kamili. Akaitoa simu kwenye aproni mbele ya macho ya wote, akampigia mkewe.

– Mtoto amefika?

– Ndicho nilichokuwa nakupigia, mkewe alisema. Hajafika. Hajapita hapo kwako?

– Nilimwambia asipite.

– Asipite kwa nini?

Kamili aliliangalia benchi lake, na wenzake wakaangalia vikombe. Mkewe akasema:

– Nenda kamchukue.

Alipita karakana, akautoa ubao mpya uliokuwa umeegemezwa mlangoni ukila vumbi, akautwika begani na kushika njia ya nyuma, nusu akitembea, nusu akikimbia. Ni njia inayopita nyuma ya maghala, haina duka wala baraza, na mtu akianguka huko hana wa kumwita. Na yeye ndiye aliyemtuma mtoto huko, kwa hiari yake, ili asimpitie mbele ya wanywa kahawa.

Aliwasikia kabla hajawaona. Ng'ambo ya mtaro walisimama watoto watatu: pacha wa kinyozi na mjukuu wa Mzee Breki. Upande wa huku, amepiga magoti kwenye udongo, sare imelowa mpaka kiunoni na goti linavuja damu, alikuwepo binti yake. Ameushika ule ubao kwa mikono miwili usiyumbe.

– Mmoja mmoja, alikuwa akiwaambia. Usikanyage katikati, mimi nimeshaanguka hapo. Kanyaga huku kwenye kingo, katikati imekula maji. Njoo. Njoo, usiangalie chini.

Kamili alisimama na ubao wake begani. Hayo maneno ni yake. Ndivyo anavyosema karakanani akipigapiga ubao kwa kidole, na hakujua kama mtoto husikiliza. Alingoja mpaka wa mwisho alipovuka. Ndipo binti akainua kichwa, akamwona. Hakukimbilia kwake. Aliangalia njia upande huu, akaangalia upande ule.

– Baba, rudi, alisema kwa sauti ya chini. Watu watakuona na mimi.

Aibu ya asubuhi ilikuwa aibu ya watu, na mtu huweza kuificha chini ya aproni. Hii haikuwa na pa kufichwa. Kamili akautua ubao mpya, akaulaza juu ya ule uliooza, akaukanyaga kwa mguu mara mbili kuupima. Kisha akachutama mbele ya mtoto, akamfuta goti kwa pindo la aproni.

– Nisamehe, mwanangu, alisema. Nimekosa mimi.

Binti aliinuka, akajipangusa udongo.

– Lete huo mkoba. Tunapita mbele.

– Sote?

– Sote.

Walipotokea kijiweni hawakuja mbio kama siku zote. Walikuja wanatembea, Kamili mbele na mkoba wa shule begani, binti kando yake, wale watatu nyuma. Kahawa ilikuwa imekwisha. Mama Kahawa alikuwa ameinamisha birika akimwaga mashapo ya kahawa. Hakuna aliyekuwa amekaa kwenye benchi. Wembe alikuwa ameshashika njia ya kuwafuata, akasimama alipowaona. Betri alikuwa ameweka simu sikioni, akimuuliza mtu nyumbani kama mtoto wake, aliyemzuia leo asitoke, amekula.

– Shikamooni, alisema binti wa seremala, macho chini.

Kisha Mzee Breki akavua kofia yake.

– Marahaba, mjukuu wangu, alisema. Marahaba.

Wembe naye akaitikia, na Betri, kila mmoja kwa wakati wake. Mama Kahawa akaweka birika chini, akachukua kitambaa, akalivuta jiko ukutani ili wapite.