Vitanda vinne, vitanda viwili

Kwenye basi, mbele yangu, mwalimu alikuwa akimsimulia rafiki yake msusi habari za safari ya meli, kwa sauti ya kututosha sote.

"Tuna vyumba viwili: kimoja vitanda vinne, kingine viwili. Si wanangu watatu wakamchagua dada wa kazi alale nao! Na mimi mama yao nipo! Roho iliniuma, mwenzangu. Leo asubuhi nimepiga simu, nimebadilisha. Nalala na wanangu mwenyewe."

"Na baba watoto kasemaje?"

"Kakubali hapo hapo. Yule mbishi, safari hii hata hakufungua mdomo."

Msusi alihesabu kwa vidole. Mimi nilishamaliza kuhesabu.

"Sasa huyo dada atalala wapi?"

Basi likasimama. Mwalimu, aliyekuwa ameshanyanyuka ashuke, akakaa tena taratibu.