Mzee Geuza na Mstari Wake Mwekundu

Kosa la wengi ni kudhani kwamba nahodha hodari ni yule anayeiingiza meli bandarini hata bahari ikichafuka. Kwa miaka ishirini na tisa mkufunzi wetu wa uendeshaji meli, anayestaafu Ijumaa hii tarehe thelathini, amefundisha kinyume chake, na wengi hawakumpendea hilo.

Nieleze kidogo. Meli ya watalii ina ghorofa kumi na tano juu ya maji. Chini ya maji haifiki hata tatu. Upepo wa ubavuni huisukuma kama mlango ulioachwa wazi, na nahodha akishaingia kwenye njia nyembamba ya bandari, hana pa kugeukia. Ndiyo maana kila mwanafunzi, kabla hajagusa usukani katika chumba cha mazoezi, chenye skrini za kuigiza bahari, alitakiwa kuchora mstari mwekundu kwenye ramani: nikifika hapa upepo umezidi kiwango, nageuza. Asiyechora hakupewa usukani. Manahodha wenye mvi walinung'unika kwamba wamerudishwa chekechea, wakambandika jina la Mzee Geuza. Alilipenda. Aliliandika kwenye kikombe chake cha chai kwa rangi ya kucha ya mkewe, na shemeji yetu alimnunia wiki nzima.

Miaka sita iliyopita alimfelisha nahodha mmoja aliyeuvuka mstari wake mara tatu. Kampuni ya nahodha huyo ilikuwa na meli iliyojaa abiria na haikutaka kusubiri. Kikaoni mkuu wa chuo alimbembeleza: "Mzee wangu, hebu tusaidie. Hizi ni skrini tu, hakuna anayelowa." Mzee Geuza alikataa kutia saini cheti cha nahodha huyo. Akatafutwa mwingine, akatia. Sisi wengine tulikodolea macho sahani ya biskuti. Ninayeandika haya nilikuwamo.

Wiki ya tano baada ya kikao, nahodha yule aliingia bandarini na upepo uliopita kiwango. Meli ilisukumwa mbali na gati, kamba ikakatika, ikamuua mfunga kamba, baba wa watoto wawili. Ripoti ikasema upepo ulikuwa wa ghafla. Mzee Geuza alikwenda msibani peke yake. Hakutuuliza tulikuwa wapi.

Leo chuo kinamkabidhi saa ya ukutani. Kuanzia wiki ijayo mafunzo yake ya siku tano yatakuwa ya siku mbili, na zoezi la mstari limeondolewa ili kuokoa muda. Saa hiyo, basi, imechaguliwa vizuri.

Asante, ndugu yetu. Ulisimama ulipopaswa kusimama, tukakuacha usimame peke yako. Kapumzike na shemeji, na siku zako za nyumbani ziwe shwari.

Nanyi wakufunzi mnaobaki: penseli yake nyekundu imo kwenye droo ya juu, chumba cha mazoezi. Leo, darasa la saa nane likianza, mpeni nahodha wa kwanza penseli hiyo achore mstari wake, na asipochora, msimpe usukani.